Sura ya Tisa: Maua ya Manjano Nyuma ya Jiko

"Umeniletea kofia ya mtu," alisema Mzee Makabati, "halafu unaniuliza jina la mwenye kofia."

Aliisukuma bahasha ya kaki ikavuka meza. Ndani yake mlikuwamo ua moja la manjano lililobonyezwa mpaka likachakaa, na majani matatu membamba yaliyoanza kujikunja. Juu ya bahasha paliandikwa: Kielelezo namba 4. Mmea mchanga, umri chini ya mwaka mmoja. Mwandiko ulikuwa wa Inspekta aliyekaa mbele yake. Kituo kizima kilimwita Pasi, ilimradi hayupo, kwa sababu ya suruali zake. Nzi angetua juu ya mkunjo wa suruali ile angejikata miguu.

"Ua halitoshi?" Inspekta aliuliza. "Muuza miche wa kule barabarani alilitambua papo hapo. Alisema ni tarumbeta ya manjano, ua la urembo."

"Muuza miche hutambua kile anachokiuza. Maua ya manjano duniani ni mengi kuliko polisi. Kwa ua moja na majani matatu nitakudanganya, na wewe utakwenda kumdanganya hakimu."

Chumba chote kilikuwa makabati ya chuma kutoka sakafuni hadi darini, na ndani ya makabati mlikuwa na mimea iliyokaushwa na kushonewa kwenye karatasi ngumu. Harufu ya dawa ya nondo ilikuwa kali kiasi cha kumtoa mtu machozi. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi humo miaka thelathini na mmoja, na wanafunzi wa chuo walikuwa wamekwisha kulisahau jina alilopewa na wazazi wake.

Inspekta alikuwa na haraka. Siku kumi na mbili zilizopita, mjane wa miaka sabini na mmoja alikuwa amefariki nyumbani kwake, moyo ukipiga polepole mpaka ukaacha. Daktari alikuta dalili za sumu. Mkemia aliikuta sumu hiyohiyo, ya mmea, katika mashapo ya kikombe. Kikombe kilichemshwa na kuletwa na mke wa kitinda mimba wa marehemu, binti wa miaka ishirini na mitatu, aliyeolewa katika nyumba ile miezi minane tu iliyopita. Alikuja na makopo kumi na mawili ya mimea yake. Na nyuma ya jiko ulikutwa mmea wa maua ya manjano ambao hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuuona kabla yake.

Tangu siku ile mkwe alikuwa mahabusu. Kesho saa mbili asubuhi jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na shtaka lililoandikwa juu yake lilikuwa la kuua kwa kukusudia. Lilibaki pengo moja dogo, jina la mmea, na Inspekta alikuwa amelihesabu kuwa jambo la dakika tano.

"Ukikata tawi, linatoa maziwa?" aliuliza Mzee Makabati.

Inspekta alimtazama Koplo aliyefuatana naye. Koplo alikuwa mama wa makamo, mzito wa mwendo, mwenye mkoba uliobeba kila kitu isipokuwa haraka.

"Linatoa," alisema Koplo. "Meupe. Yalinigandia vidoleni siku nzima."

"Vizuri. Umeota wapi?"

"Nyuma ya jiko," alijibu Inspekta. "Katikati ya uzio."

"Uzio wa nini?"

"Uzio wa nyumba."

"Najua ni wa nyumba, bwana mkubwa. Sikuulizi mwenyewe. Nakuuliza uzio umepandwa mti gani?"

Inspekta alifungua daftari lake, akageuza kurasa mbili, akalifunga. "Uzio tu," alisema. "Wa kijani."

Koplo alikohoa. Akafungua mkoba, akatoa kikopo cha peremende, na ndani ya pamba akaibua tunda moja lenye pembe, jeusi upande mmoja na kijani upande wa pili, kubwa kiasi cha kujaza kiganja cha mtoto.

"Niliokota hili siku ileile, Afande. Nikakuonyesha ukasema tunahitaji majani, kwa kuwa kilichochemshwa ni majani."

Inspekta aliikumbuka kauli hiyo vizuri, akatamani asingeikumbuka.

Mzee Makabati alilipokea tunda kwa mikono miwili. Alilikata kwa kisu kidogo, akaitazama kokwa yake ngumu, kisha akainuka, akaenda moja kwa moja hadi kabati la tatu kutoka dirishani. Alirudi na karatasi moja. Juu yake palishonwa tawi kavu lenye majani membamba marefu, ua lililofifia likawa rangi ya mchanga, na tunda kama lile lile la Koplo, limesinyaa.

"Huyu hapa. Vitabuni anaitwa thevetia. Sumu tupu, kuanzia jani hadi kokwa, na kazi yake ni moyo. Watu wa bustani wengi hawampi hata jina. Hupandwa kwa mstari, akakatwakatwa akawa ukuta. Nani huuliza jina la ukuta?"

Inspekta alikuwa amekwisha kuandika. "Kwa hiyo ni sumu. Asante sana, mzee. Naomba uniwekee sahihi hapa."

"Nitaweka sahihi kwenye jina. Kwenye umri siweki." Mzee Makabati aliigusa bahasha kwa ncha ya kisu. "Nani kakwambia una chini ya mwaka? Mche wa mwaka mmoja hauzai tunda la namna hii. Shina lake umeliona?"

"Niliona matawi. Yalikuwa mabichi na laini."

"Nimekuuliza shina."

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na bomba la sinki la jikoni lilikuwa likivuja kwa nyuma. Palikuwa na tope la kufika kwenye vifundo vya miguu. Inspekta alikuwa amesimama kwenye ngazi ya jiko, akanyoosha mkono, akakata ncha ya tawi. Hayo hakumwambia Mzee Makabati. Alisema tu kwamba watarudi kuangalia.

"Waswahili walisema," Koplo alianza, walipofika kwenye gari.

"Najua walichosema, mama."

"Basi sisemi." Aliwasha gari. "Lakini mtaka cha mvunguni, Afande."

*

Mlango ulifunguliwa na binti mkubwa wa marehemu. Alikuwa amerudi kuishi na mama yake mwaka uliopita, baada ya ndoa yake kuvunjika, akashika funguo na mambo yote ya nyumba. Siku hizi kumi na mbili zilikuwa zimemkondesha. Aliwapitisha sebuleni, ambako viti vya msiba vilikuwa bado vimepangwa ukutani, na katikati ya ukumbi akasimama.

"Mmekuja kuniambia ameungama?"

"Tumekuja kuangalia mmea tena, dada," alisema Inspekta.

"Kuna nini tena cha kuangalia? Nilishasema. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba hii. Mmea ule haukuwapo. Ameingia mke wa mdogo wangu na makopo yake, mmea ukatokea. Kopo moja mlilikuta tupu, au mmesahau?"

Hawakusahau. Kopo tupu lilikuwa kielelezo namba 5, na Inspekta alijivunia sana siku alipolipata. Makopo kumi na moja yalikuwa na mchaichai, mrehani, nanaa na mengineyo ya jikoni. La kumi na mbili lilikuwa na udongo mkavu chini na kutu ukingoni. Kilichokuwamo kilikuwa kimehamishiwa ardhini, na jibu la kilikohamishiwa lilionekana rahisi mno.

Nyuma ya jiko tope lilikuwa lile lile, maana hakuna aliyekumbuka kutengeneza bomba. Uzio ulitoka mbele ya nyumba, mfupi, mnene, umenyolewa sawasawa, ukazunguka ubavuni. Lakini ulipofika kona ya jiko ukaachwa ukawa msitu. Matawi membamba yalikuwa yamepanda juu kupita kimo cha mtu, na nchani mwake maua ya manjano yameinamisha vichwa. Kwa mtu aliyesimama kwenye ngazi, ulionekana kabisa kuwa mmea mgeni uliojipenyeza katikati ya uzio.

Inspekta alishuka ngazi. Kiatu cha kulia kilizama, kisha cha kushoto. Akakunja goti la kwanza kwenye tope, na la pili, kisha akaweka viganja vyote viwili chini akaingiza kichwa chini ya majani. Koplo, aliyekuwa amefanya naye kazi miaka sita, alishika mkoba kwa nguvu na kutazama pembeni kwa heshima.

Chini kule hapakuwa na mche. Palikuwa na shina nene kama mkono wa mwanamume, la kijivu, lenye makovu. Kila kovu lilikuwa alama ya mkato, na juu ya mkato wa zamani uliofunga ulikuwapo mkato mwingine, na juu yake mwingine, hadi shina likawa na vinundu kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi. Juu ya vinundu hivyo ndipo yalipoota matawi yale laini aliyoyakata siku ile. Alitambaa hadi shina la pili. Lilikuwa vilevile. La tatu vilevile. Akaendelea kutambaa kwenye tope mpaka kona, ambako msitu ulikwisha na uzio ulionyolewa ukaanza, na shina halikubadilika.

Aliinuka akaenda ubavuni mwa nyumba, akachuma jani kwenye uzio mfupi. Yakatoka maziwa meupe. Alilipanga jani lile na la nyuma ya jiko kwenye kiganja chake chenye tope, akamwonyesha binti mkubwa.

"Mmea ulikuwapo, dada. Ulikuwapo kabla ya huyo wifi yako kuanza shule. Ni uzio wenu. Haukupata nafasi ya kuchanua, ndiyo sababu hamkuujua ulipochanua. Nani anaukata?"

"Kuna vijana wa kampuni. Wanakuja kila mwezi." Aliyatazama majani mawili kwa muda. "Wanakata mbele na ubavuni. Huku nyuma nani anaona?"

"Kabla ya hao vijana?"

"Alikuwapo mzee mmoja. Nilimwachisha kazi miezi saba iliyopita. Alikuwa amechoka, anatumia siku nzima kwenye uzio tu, na nyasi zinaota mpaka mlangoni."

"Alipoondoka alisema chochote?"

Binti mkubwa alikaa kwenye ngazi ya jiko, palepale aliposimama Inspekta siku ya kwanza. "Alisema, mama, usiache uzio uchanue. Nikadhani anatafuta namna ya kubaki. Nikamjibu uache uchanue, tumechoka na ukuta wa kijani." Alifunika mdomo kwa kiganja, akazungumza ndani yake. "Nilicheka, Inspekta. Nilimcheka mzee wa watu."

Inspekta aliuliza swali lililobaki, na aliliuliza kwa sauti ya chini kwa sababu alijua lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza. "Mkwe alisema kwenye maelezo yake kwamba marehemu ndiye aliyemtuma. Kwamba aliona maua akasema dawa ya mama yake imejiotea yenyewe. Marehemu alikuwa na dawa kama hiyo?"

"Ya tumbo. Alikuwa akiizungumza tangu tukiwa wadogo. Maua ya manjano, majani ya kuchemsha. Miaka yote aliitafuta asiipate."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza! Uliniuliza kama mmea ni wa wifi yangu, nikakujibu." Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta. "Na macho ya Mama yalikuwa yamekwisha. Kwake yeye njano ilikuwa njano tu."

Koplo alikuwa ameondoka bila kuaga. Walimkuta mbele, chini ya dirisha la chumba cha marehemu, amechuchumaa kando ya mche wa waridi uliokuwa umelegea majani yote. Alikuwa amefukua udongo kidogo kwa kidole. Chini palikuwa na donge la udongo la mviringo, lililoshikana, lenye ukubwa wa kopo la maziwa, na pembeni mwake vimeganda vipande vyembamba vya kutu.

"Kielelezo namba tano, Afande," alisema. "Mkwe alimpandia mama mkwe wake waridi, alione akiwa kitandani. Halijapata maji siku kumi na mbili."

*

Mzee wa makasi, yule aliyeachishwa kazi, hakuwa mbali. Majirani walimjua, alikuwa kwenye lango la soko, ananoa visu na makasi kwa gurudumu la baiskeli alilolifunga kanyagio la mguu. Alikuwa amekula chumvi nyingi, lakini mikono yake ilikuwa mizima kabisa. Alimtazama Inspekta kuanzia viatuni hadi magotini, pale tope lilipokuwa linakauka, akamsogezea kigoda.

"Ulikuwa unakata uzio wa nyumba ile kila baada ya muda gani, mzee?" aliuliza Inspekta.

"Kila Alhamisi."

"Uzio hukatwa kila mwezi. Kwa nini kila Alhamisi?"

Mzee aliendelea kukanyaga gurudumu. Cheche chache zilitoka kwenye kisu cha muuza nyama, zikazimika. "Kikonyo cha ua kinatoka kwenye ncha ya tawi. Ukikata ncha kila wiki, hakuna ua. Pasipo ua hakuna tunda."

"Ulijua kuwa ni sumu."

"Nilikuwa na mtoto wa kike. Miaka minne. Mama yake alikuwa mgonjwa, nikaenda naye kazini. Nyumba nyingine, si ile; lakini uzio ni huohuo. Akawa anacheza duka, yale matunda ndiyo bidhaa yake. Mimi namwona kabisa, nacheka, namwuliza, mama, leo unauza nini?" Kanyagio likapunguza mwendo. "Akaonja bidhaa."

Koplo alisema pole. Inspekta akauliza kwa nini basi hakumwambia mwenye nyumba.

"Ningemwambia, angeung'oa. Ungeng'olewa, mimi ningekata nini? Uzio ule ndio uliokuwa unanilisha, bwana. Nikajiambia makasi yangu yanatosha. Miaka kumi na minane, hakuna ua hata moja lililofunguka pale. Nilipofukuzwa nikamwambia yule binti mkubwa asiuache uchanue. Kwa nini, sikusema. Mtu anakufukuza, wewe uanze kumsimulia mtoto wako? Nilishikwa na haya." Aliinua kisu akakitazama makali yake juani. "Umechanua, sivyo? Ndiyo mmekuja. Nani?"

Inspekta alikuwa ametangaza vifo vingi katika kazi yake, akijua kila aina ya uso. "Mama mwenye nyumba. Alichemshiwa majani. Alidhani ni dawa, na aliyemchemshia tumemshikilia."

Gurudumu lilizunguka lenyewe kidogo, likasimama. Mzee aliweka kisu juu ya gunia, taratibu, ncha ikielekea upande usio na mtu, kama wafanyavyo watu wa kazi ile hata wanapokuwa hawajiwezi.

"Alikuwa ananipa chai kwenye kikombe cha wageni," alisema. "Yeye mwenyewe ananiletea. Ningeweza kumwambia Alhamisi yoyote."

Koplo aliandika maelezo yake, akamsomea, naye akatia kidole gumba. Kisha mzee akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu. "Basi nichukueni mimi, mumwache huyo mliyemshikilia."

"Sheria haina kifungu cha mtu aliyenyamaza, mzee," alisema Inspekta.

"Afadhali kingekuwapo," alisema mzee, akarudisha mikono mapajani.

*

Saa kumi alasiri Inspekta alikuwa mezani kwake, jalada limefunguliwa. Ripoti ya Mzee Makabati ilikwisha kuletwa na kutiwa sahihi. Maelezo ya binti mkubwa na ya mzee wa makasi yalikuwa chini yake. Kilichobaki ni kuandika kwa mkuu wa kituo kwamba hapakuwa na mauaji, na mtu aliyezuiliwa aachiwe leo leo. Ili kuandika hivyo ilimbidi ayarejee maelezo ya kwanza ya mshukiwa, yaliyochukuliwa siku ya kifo, kwa mwandiko wake mwenyewe ulionyooka.

Ukurasa wa pili, mstari wa tisa, ulisema hivi: Mshukiwa alisema, Afande, mimi mimea yangu yote ni ya kopo, angalieni shina la ule. Mshukiwa alikuwa anajaribu kuwafundisha polisi kazi. Alionywa.

Alisoma mara ya pili. Aliona aibu iliyomchoma masikio, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, na hapakuwa na mtu chumbani zaidi ya Koplo, ambaye alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake na hakuwa tayari kukipata.

"Aliniambia," alisema Inspekta. "Siku ya kwanza. Neno kwa neno, shina. Nikaandika, nikamwonya."

"Nilikuwapo, Afande."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema kuhusu tunda." Koplo alifunga mkoba. "La shina sikusema. Nilikuona umekwisha kuamua, nami mguu ulikuwa unaniuma, nataka kurudi nyumbani. Usidhani ni wewe peke yako."

Angeweza kumtuma Koplo kaunta. Watu wa cheo chake hawashuki kufungulia mahabusu. Lakini alishuka mwenyewe na funguo, na tope kavu likawa linadondoka magotini kila ngazi.

Mkwe alitoka akishika ukuta, maana mwanga ulimwumiza macho. Alikuwa mdogo kuliko Inspekta alivyomkumbuka. Alimsikiliza wima, mikono imefumbata ncha za mtandio, wakati Inspekta akimweleza habari ya uzio, mzee wa makasi, na dawa ambayo haikuwa dawa. Inspekta hakuruka kitu. Alipofika kwenye ukurasa wa pili, mstari wa tisa, aliusema pia.

"Mimi nilikosea," alimalizia. "Si kituo. Mimi."

Mkwe alitazama magoti ya Inspekta. "Leo umeinama."

"Leo nimeinama."

"Nilimwuliza Mama, una hakika ndiyo hii? Akaniambia aliinywa kabla mama yangu hajazaliwa. Sasa mimi mgeni kwenye nyumba ya watu, nimbishie?" Sauti yake haikupanda. "Nikachemsha siku tatu. Nikapoza, nikampelekea. Wamemzika wapi?"

Inspekta alimweleza mahali. Alimweleza pia kwamba watu walikuwa wengi, akaona hayo hayasaidii chochote. Mkwe mwenyewe ndiye aliyemwosha miguu marehemu kila jioni, hilo nalo lilikuwa kwenye maelezo, na siku ya mazishi alikuwa nyuma ya mlango huu.

"Na mume wangu alikuja?"

Daftari la wageni lilikuwa wazi kwenye kaunta. Inspekta alijifanya kulitafuta jina, akapitisha kidole kwenye kurasa ambazo alizijua. "Hakuja," alisema.

Mkwe alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho alikwisha kukiona ghali. Koplo alimwaga vitu vyake kutoka kwenye mfuko wa karatasi: ndara, pete, kitana, na ufunguo wa nyumba uliofungwa utepe mwekundu. Mkwe alivaa ndara. Alichana nywele palepale kaunta, bila haraka, akaweka kitana mfukoni. Pete aliishika muda mrefu kabla ya kuitia mfukoni pia. Ufunguo alimsogezea Inspekta.

"Mrudishie wifi yangu."

"Yuko nje getini," alisema Inspekta. "Amekuja na gari. Anataka kukuomba radhi."

"Najua anataka." Alijifunga mtandio. "Kuna waridi chini ya dirisha la Mama. Mwambie alimwagilie asubuhi mapema. Akimwagilia mchana, jua litaliunguza."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa maaskari, unaotokea kwenye uchochoro wa mafundi viatu. Inspekta alibaki ameshika ufunguo. Alitaka kumwuliza anakwenda wapi. Siku kumi na mbili alikuwa amemwuliza maswali kila alipotaka, saa yoyote, na kila mara alijibiwa kweli. Hili moja hakuweza kulitoa mdomoni, mpaka mkwe akapotea mwisho wa uchochoro.